Yquem: ukungu unaozaa ukungu

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa kile kinachofunika bonde alfajiri na kile kinachoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Kila ninapofundisha habari za mvinyo wa Château d'Yquem naanzia hapo, kwa sababu shamba hilo linaishi kwa ukungu wa aina zote mbili.

Yquem iko kilimani, Sauternes, kusini mwa Bordeaux, Ufaransa. Karibu na hapo mto mdogo wa Ciron, wenye maji baridi, unaingia katika Garonne iliyo na maji ya vuguvugu. Septemba na Oktoba ukungu hupanda asubuhi kutoka mtoni, na mchana jua huutawanya. Unyevu ule huotesha kuvu aina ya Botrytis juu ya zabibu. Jua nalo huzikausha kabla hazijaoza kabisa. Kuvu hutoboa ganda, maji yakapotea, sukari na uchachu vikabaki ndani.

Zabibu ya namna hiyo ukiiweka kiganjani utaiona imesinyaa, rangi ya kahawia, ina vumbi la kijivu. Sokoni ingetupwa. Ibonyeze: kinachotoka kinanata kama asali.

Wachumaji hawakati kichala kizima. Huchukua punje zilizo tayari tu, halafu hurudi kwenye mzabibu uleule mara tano, hata sita, kwa majuma kadhaa. Mzabibu mmoja hutoa glasi moja. Sehemu kubwa ya zabibu ni aina ya Sémillon, nyingine Sauvignon Blanc. Juisi huchachukia kwenye mapipa mapya ya mwaloni, hamira ikalemewa kabla ya kumaliza sukari yote, na kila lita ikabaki na zaidi ya gramu 100. Utamu huo ungechosha ulimi kama si ule uchachu. Ndio ninaouthamini zaidi.

Ukoo wa Sauvage ulishika shamba hili tangu 1593. Mwaka 1785 binti yao Joséphine aliolewa na Louis-Amédée de Lur-Saluces. Miaka mitatu baadaye akawa mjane, na yeye ndiye aliyelivusha shamba katika Mapinduzi ya Ufaransa. Kwangu, jina lake lingestahili kutajwa kabla ya Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, mteja ambaye kila mtu humtaja. Mwaka 1855 mvinyo wa Bordeaux ulipopangwa kwa madaraja, Yquem iliwekwa peke yake juu ya mvinyo wote wa Sauternes. LVMH, kampuni ya Ufaransa ya bidhaa za anasa, ililichukua shamba mwaka 1999.

Na kuna miaka ambayo ukungu haukuja vizuri. Mwaka 1972, 1974, 1992 na 2012 hawakutoa hata chupa moja ya Yquem. Mavuno ya mwaka mzima, na jina halikuandikwa kwenye lebo.

Ukibahatika kuonja, usiipooze mno. Chupa changa ina rangi ya nyasi kavu. Iliyokaa miongo mingi huiva hadi kufanana na chai ya rangi, na harufu yake ni ya maganda ya chungwa na zafarani.