Rizobia siyo mbolea, jamani

Juzi nimetumiwa tena picha, mahindi ya njano, chini yake swali: "Nimeweka pakiti mbili za rizobia mbona hayabadiliki?" Mara ya ngapi hii sijui, nishaacha kuhesabu.

Rizobia ni bakteria, kiumbe hai, siyo urea (mbolea ya naitrojeni) ya kwenye kipakiti. Anaingia kwenye mzizi wa mmea wa jamii ya mikunde, analishwa sukari, naye anaubadilishia naitrojeni ya hewani (78% ya hewa ni hiyo, ila mmea hauwezi kuitumia ilivyo). Mahindi hayana huo mkataba, ukimwaga hata gunia zima hakuna kinundu (kile kivimbe cha mzizini anamoishi) kitakachoota. Na hata kwenye mikunde kila mmoja na wake: soya inataka Bradyrhizobium, maharage yanataka kundi lingine, kunde ndo haina maringo, mara nyingi inaelewana na waliopo udongoni tayari.

Kuhusu kuchanja, yaani kupaka mbegu rizobia kabla ya kupanda: kivuli, kupanda siku hiyohiyo, kutochanganya na dawa ya kuvu, yote hayo yameandikwa kwenye pakiti, soma.

Sasa kinachonikera kuliko vyote ni hesabu ya vinundu. Mtu anang'oa soya kwa mkono, nusu ya vinundu vinabaki ardhini, anahesabu vilivyobaki kwenye mzizi halafu anashangilia ana 30. Thelathini vya rangi gani? Chimbua na jembe taratibu, mmea ukianza kutoa maua, kisha kipasue kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au pinki kama nyama mbichi, hapo kazi inafanyika. Wekundu huo ni leghemoglobini, ndugu wa ile iliyomo kwenye damu yako, na kazi yake ni ngumu kweli maana kimeng'enya kinachokamata naitrojeni kinaharibiwa na oksijeni na wakati huohuo bakteria wenyewe wanaihitaji wapumue, kwa hiyo leghemoglobini inawapimia kidogokidogo kama mama anayegawa mboga. Kikiwa cheupe ndani hakijaanza kazi, au una wapangaji wanaokula bila kulipa kodi. Kijani, kimezeeka. Vinundu 8 vyekundu navichukua mbele ya 50 vyeupe, wala sifikirii mara mbili.

Weupe mara nyingi tunauleta wenyewe, mtu anachanja mbegu asubuhi halafu anamwaga urea juu yake, mmea unakuta chakula kishapakuliwa, uwashe moto wa nini? Au fosforasi haipo, na bila fosforasi hao bakteria hawaendi mbali.

Ila niseme ukweli, kuna mashamba nimefanya kila kitu sawasawa na mstari niliochanja ukatoka sawa na ambao sikuchanja. Wenyeji wa udongoni walikuwa wengi, wakawahi mizizi, na wenyeji siyo lazima wawe wachapakazi, wanajua tu kuwahi. Kwa kuuangalia udongo kwa macho siwezi kukuambia mapema itakuwaje kwako, na anayesema anaweza anauza kitu.

Ndo maana huwa nasema acha mistari miwili mitatu bila kuchanja, na hiyo uipande KWANZA, maana ukianza na iliyochanjwa utawabeba bakteria kwa mikono yako mwenyewe mpaka kule halafu uje kuniambia hakuna tofauti.