Kutamka Fedha Taslimu Mpakani Si Kulipa Kodi

Malalamiko yamerudi tena: "Forodha wamenichukulia hela zangu." Mengi ninayoyafuatilia yana chanzo kilekile. Msafiri aliulizwa kama amebeba fedha taslimu, akajibu hana, zikaonekana kwenye ukaguzi.

Naomba hili lieleweke. Kuvuka mpaka na fedha nyingi si kosa, na ukizitamka, yaani ukiwajulisha forodha kuwa unazo na ni kiasi gani, hukatwi ushuru. Kosa ni kunyamaza au kutaja kiasi kisicho cha kweli.

Katika Umoja wa Ulaya unatakiwa kutamka kuanzia euro 10,000. Marekani, kinachozidi dola 10,000. Fedha za nchi zote hujumlishwa, za mfukoni na za begini, pamoja na hundi za wasafiri. Ulaya, tangu tarehe 3 Juni 2021, hata sarafu za dhahabu zenye angalau asilimia 90 ya dhahabu zinahesabiwa.

Wapo wanaowagawia wenzi na watoto mabunda wakidhani wameshavuka salama. Uingereza, familia inayosafiri pamoja huhesabiwa kwa jumla: pauni 10,000 za wote. Marekani, kugawa fedha kwa lengo la kukwepa kujaza fomu ya tamko ni kosa linalojitegemea. Watoto msiwaingize katika mambo haya, tafadhali.

Fomu ya Umoja wa Ulaya huuliza mwenye fedha ni nani, nani atazipokea, ni kiasi gani, zimetoka wapi, ni za kazi gani, na unapita njia ipi kwa chombo gani. Ijaze kabla hujafunguliwa begi. Ukitoa tamko baada ya noti kuonekana, umechelewa. Ulaya, fedha zisizotamkwa zinaweza kuzuiliwa siku 30, na ikibidi hadi 90, nawe ukapewa sababu kwa maandishi. Zikiwa na dalili za uhalifu, zinaweza kuzuiliwa hata kama umezitamka, au hazijafika kiwango. Adhabu yenyewe hutegemea sheria ya kila nchi: faini, kutaifishwa, kwingine hata kifungo.

Namkumbuka mama mmoja aliyekunja noti ndani ya soksi za mwanawe, jozi kwa jozi. Sisi maofisa wa forodha tulizihesabu mbele yake mara mbili, mikono yake ikitetemeka. Mkobani alikuwa na hati ya mauzo ya kiwanja chake, halali kabisa. Iliniuma. Hati ile ndiyo tungemwomba, kama angejaza fomu. Weka ya kwako kwenye begi la mkononi, pamoja na risiti ya benki. Mzigo ukishaingia kwenye ndege hutaweza kuifikia.