Ratiba ya besiboli ya vyuo Marekani: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Aliyezoea ligi za soka, ambako chombo kimoja hutoa ratiba nzima, hudhani kwamba besiboli ya vyuo nchini Marekani nayo hupangwa hivyo, na kwamba shabiki anayekaa mwezi mzima bila mechi ya nyumbani ana ofisi moja tu ya kuilalamikia. Sivyo. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, huweka mipaka tu: timu ya daraja la kwanza haizidishi mechi 56 za msimu wa kawaida, na hakuna inayoruhusiwa kuanza kabla ya tarehe ya pamoja, ambayo huangukia katikati ya Februari. Konferensi, yaani makundi ya vyuo kama Big Ten au Southeastern Conference, iitwayo kwa kifupi SEC, hujipangia mechi zao za ndani, na kwa SEC hizo ni 30. Mechi zilizosalia hutafutwa na makocha wenyewe, chuo kwa chuo, kwa mazungumzo na mikataba.

Dhana inayowaumiza mashabiki kuliko zote ni ile inayosema kwamba vyuo vya kaskazini hucheza ugenini Februari nzima kwa sababu havina fedha au havijali watu wao. Ukweli ni kwamba wakati huo viwanja vya Minnesota, Michigan na Ohio mara nyingi vimefunikwa na theluji au vimeganda, na msomaji mwenye ndugu Minneapolis au Columbus anaujua ubaridi huo kwa kusimuliwa tu. Timu hizo hupanda ndege kila mwisho wa wiki kwenda Florida, Texas, Arizona au Carolina, na mechi ya kwanza nyumbani huweza kusubiri hadi katikati ya Machi au baadaye. Chuo Kikuu cha Minnesota kimewahi kuhamishia mechi zake za mapema ndani ya U.S. Bank Stadium, uwanja wenye paa uliojengwa kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani. Shabiki wa huko anakosa karibu theluthi ya msimu, na hata mechi ya nyumbani inapowadia, huitazama akiwa amejifunika blanketi.

Wapo wanaojibu kwamba kaskazini hakuna utamaduni wa besiboli. Historia inawakanusha. Kati ya 1953 na 1966 vyuo vya Big Ten, wakati huo konferensi ya kaskazini, vilitwaa ubingwa wa taifa mara sita: Minnesota mara tatu, Michigan mara mbili, na Ohio State mwaka 1966. Baada ya hapo ilipita zaidi ya nusu karne bila konferensi hiyo kutwaa tena; Michigan ilikaribia mwaka 2019, ikafungwa na Vanderbilt, chuo cha kusini, katika mechi ya tatu ya fainali. Sidhani kwamba mapenzi ya mchezo yalikufa ghafla mwaka 1966. Kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni kwamba vyuo vya kusini viliongeza fedha na viwanja, na kalenda ikawapa miezi ya kujaza viwanja hivyo.

Tarehe ya pamoja ya kuanza, iliyotumika kuanzia 2008, husifiwa kwamba ilimaliza tatizo hilo. Ilipunguza pengo, kwa kuwa hapo awali timu za maeneo ya joto zilitangulia kuanza, lakini tarehe moja haileti hali ya hewa moja.

Kuhusu wiki yenyewe, mgeni wa mchezo huu huona mechi zote kuwa sawa. Kwa kawaida timu hucheza na mpinzani mmoja mara tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kisha mechi moja au mbili Jumanne au Jumatano. Mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, akianza mechi huhitaji karibu wiki nzima kupumzisha mkono, kwa hiyo kocha humpanga aliye bora siku ya Ijumaa, na mechi ya Jumanne huwaachia chipukizi. Mzazi mwenye uwezo wa kununua tiketi za familia mara moja tu anastahili kulijua hilo kabla ya kuchagua siku, ingawa Jumanne ina faida yake: ni siku ya kumwona kijana wa mwaka wa kwanza kabla jina lake halijavuma.

Mechi ya Jumanne inapofutwa mwezi Mei, mashabiki huambiwa, au hujiambia, kwamba ni mvua. Mara nyingine ni hesabu. Moja ya vigezo vya kuchagua timu 64 za mtoano ni kipimo kiitwacho RPI, ambacho robo yake ni matokeo ya timu yenyewe, nusu ni matokeo ya wapinzani wake, na robo ya mwisho ni ya wapinzani wa wapinzani. Kwa mpangilio huo timu inaweza kumfunga mpinzani dhaifu na bado ikashuka, hivyo kocha aliye karibu na mstari wa kufuzu ana sababu ya kutocheza kabisa. Mwenye tiketi ya siku hiyo anatolewa kafara kwa ajili ya desimali, na jambo hilo linastahili kukemewa waziwazi.

Mvua nayo ina dhana yake, kwamba mechi iliyoahirishwa lazima irudiwe. Mechi za konferensi hutafutiwa nafasi, mara nyingi mbili kwa siku moja, lakini Jumapili timu mgeni huwa na saa ya kuondoka, na muda huo ukipita hakuna awamu mpya, yaani zamu ya kila timu kupiga mpira, inayoanzishwa. Mechi isiyo ya konferensi kwa kawaida haigeuki kiporo, hufutwa tu.

Pia husemwa kwamba mchezo huu hauna watazamaji. Mwenye kusema hivyo hajaona Starkville, nyumbani kwa chuo cha Mississippi State, ambako nyuma ya uzio wa kushoto mashabiki huchoma nyama huku wakitazama mechi, na ambako mwaka 2023 mchezo mmoja dhidi ya Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, ulivuta zaidi ya watu 16,000.

Mwaka 2020 Erik Bakich, wakati huo kocha wa Michigan, aliongoza pendekezo la kusogeza msimu mbele kwa takriban mwezi mmoja. Pingamizi dhidi ya pendekezo hilo si za kupuuzwa: masomo huisha Mei, hivyo vyuo vingegharimia makazi na chakula cha wachezaji kwa muda mrefu zaidi, na ligi za kiangazi zingebanwa. Hata hivyo mtoano tayari huchezwa baada ya wanafunzi wengi kuondoka, fainali za taifa huko Omaha, Nebraska, huendelea hadi mwishoni mwa Juni, na bado uwanja hujaa. Februari ndiyo inayoweza kuachwa bila hasara kubwa, na kwa shabiki wa Ann Arbor, mji wa chuo cha Michigan, au wa Minneapolis, Februari si mwezi wa besiboli hata sasa.