Mmea ukilegea, usikimbilie ndoo

Kuna hii imani kwamba mizizi ndo inasukuma maji mpaka juu kama pampu ya kisima. Hapana, kazi kubwa inafanywa na majani. Maji yanatoka kama mvuke kwenye vitundu vidogo vya majani na kwa vile chembe za maji zinashikana, yanayotoka yanavuta yaliyo nyuma yake mpaka huko chini. Wanasayansi Dixon na Joly wa Dublin walilieleza hili tangu 1894. Zaidi ya asilimia 90 ya maji mmea unayovuta yanaishia hewani! Mizizi nayo inasukuma ila kidogo, hasa usiku, na yale matone ya asubuhi kwenye ncha za mahindi machanga tunayoyaita umande, mara nyingi yametoka ndani ya mmea wenyewe.

Linalotutia hasara zaidi ni hili la "umenyauka, una kiu". Nyanya ikilegea saa nane jua likiwaka halafu jioni ikasimama yenyewe, iache, mchana ilikuwa inapoteza maji haraka kuliko inavyovuta, basi. Ila ikilegea na udongo umelowa chapachapa hapo kuna tatizo lingine kabisa, mizizi nayo inapumua na maji yakijaa kwenye udongo hewa inakosekana, mizizi inashindwa kupitisha maji, mmea unanyauka huku umesimama kwenye maji, na wewe unaona majani yamelala unaongeza ndoo nyingine. Ingiza kidole kwenye udongo kwanza jamani.

Na ule mwembe mkubwa unaomwagiwa shinani kila siku? Maji yanaingia zaidi kwenye vinyweleo karibu na ncha za mizizi, na ncha ziko mbali na shina.

Halafu "mbolea ina moto". Haina moto wowote, ni chumvi. Ukirundika mbolea ya CAN kwenye shina na udongo mkavu, maji yanahama upande wenye chumvi nyingi, yaani yanatoka kwenye mzizi kurudi nje.

Mtu atauliza mbona mikoko inaishi baharini. Mkoko unazuia sehemu kubwa ya chumvi mlangoni, kwenye mizizi. Mchu, aina nyingine ya mikoko, unaruhusu kiasi kiingie halafu unaitoa kupitia majani, ukibisha nenda ufukweni ulambe jani lake.