Maji si mafuta: dhana potofu kuhusu jani bandia

Nafundisha kemia hapa Moshi, na kila nikifika kwenye mada ya vichocheo, yaani vitu vinavyorahisisha badiliko la kikemia bila vyenyewe kuisha, najua swali litakalotangulia: "Mwalimu, eti kuna gari linalotembea kwa maji?" Mara nyingi mwanafunzi ameiona video kwenye simu ya mjomba. Huwa simkatishi, kwa sababu nyuma ya uzushi huo kuna sayansi halisi ninayoipenda sana: kupasua maji yawe haidrojeni na oksijeni kwa mwanga wa jua, kama lifanyavyo jani. Kazi hiyo ikifanywa na binadamu huitwa usanisinuru bandia.

Dhana: maji ni mafuta. Maji ni majivu. Haidrojeni ilishaungua, ikashikana na oksijeni, na kilichobaki ndiyo maji. Hakuna anayebandika chungu juu ya majivu ya jana akategemea kiive. Ukitaka kuirudisha haidrojeni, sharti ulipe nishati yote iliyotoka ilipoungua, na zaidi kidogo. Katika usanisinuru bandia mlipaji ni jua. Magari ya haidrojeni yapo kweli, ila haidrojeni yake imetengenezwa kwingine, na nishati yake ililipiwa hukohuko.

Dhana: kichocheo ndicho kinacholeta nguvu. Hili silielezi kwa mdomo tu. Naweka maji kwenye bakuli, natia magadi kidogo ya kupikia (chumvi haifai, inatoa hewa ya klorini), natumbukiza penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili, kisha naziunga kwa waya na betri moja ya tochi ya volti 1.5. Kwa hesabu, volti 1.23 zinatosha kupasua maji. Wanafunzi wanainama, wanakodoa macho. Karibu hakuna kitu. Naongeza betri ya pili, zinakuwa volti 3, na vipovu vinaanza kupanda. Upande wa hasi ni vingi zaidi, kwa kuwa haidrojeni hutoka mara mbili ya oksijeni.

Ile ziada niliyolazimika kuongeza ndiyo gharama ya kukosa kichocheo kizuri. Fikiria mtu anayepanda Mlima Kilimanjaro kutoka geti la Marangu kwenda kambi ya Mandara, karibu mita 2,700, lakini kwa kukosa njia analazimika kupanda kwanza mpaka Horombo, karibu mita 3,700, ndipo ateremke. Kichocheo kinamchongea njia ya moja kwa moja. Mandara yenyewe haishuki hata hatua moja, na jasho la kuifikia liko palepale.

Dhana: oksijeni ya mimea hutoka kwenye hewa ukaa. Hutoka kwenye maji. Mwaka 1941 huko Marekani, Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao waliipa miani maji yenye oksijeni nzito, na oksijeni iliyotoka ikafuata uzito wa ile ya maji, si wa ile ya hewa ukaa.

Dhana: kazi hii haiwezekani bila madini ya bei mbaya. Ni kweli maabara zimetegemea sana platinamu, iridi na ruteni. Lakini jani la mgomba hapo nje ya dirisha halina hata kimoja. Mwaka 2011 watafiti nchini Japani wakiongozwa na Jian-Ren Shen na Nobuo Kamiya walionyesha kwa undani fungu la atomu linalopasua maji katika usanisinuru: atomu nne za manganisi, moja ya kalsiamu, zimeshikanishwa na oksijeni tano. Manganisi ni ileile iliyomo kwenye unga mweusi wa betri kuukuu ya redio. Kalsiamu imo kwenye chokaa.

Utendaji wake ndio unaonishangaza mpaka leo. Kila chembe ya mwanga ikipiga, fungu lile linakopesha elektroni moja. Likishakopesha nne, linazidai zote kwa molekuli mbili za maji, na hapo oksijeni inatoka.

Dhana: tunachotakiwa ni kunakili jani lilivyo. Jani lina udhaifu wake. Mazao mengi huhifadhi takriban asilimia 1 tu ya nishati ya jua yanayoipata. Tena protini inayobeba fungu lile huharibika kwa jua lilelile, na kwenye mwanga mkali mmea huibadilisha kila baada ya nusu saa hivi. Ndiyo maana "jani bandia" la mkemia Mmarekani Daniel Nocera, lililotangazwa 2011, halifanani na jani hata kidogo: ni kipande cha silikoni, kama ile ya paneli za jua, kilichozamishwa ndani ya maji. Alichoazima ni tabia ya kujikarabati. Kichocheo chake cha kobalti na fosfati, cha mwaka 2008, kikimomonyoka hujipanga upya chenyewe wakati umeme unapita.

Vichocheo vingi vilivyoigwa kutoka kwenye mmea havina uwezo huo; vinakufa baada ya saa au siku chache, wakati paneli ya jua hapo juu ya paa inategemewa miaka zaidi ya 20. Mgomba wenyewe, saa sita mchana jua likiwa utosini, unaendelea kujikarabati.