Pingi inajibu, lakini mtambo wa simu bado unakata sauti

Kila ninapoitwa kukagua mtambo wa simu unaokata sauti, iwe hotelini Mtwara mjini au kwenye ghala la korosho Nachingwea, huelezwa kwamba mtandao wa kompyuta unaobeba sauti ni mzima kwa sababu pingi, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinafikika, inajibu. Dhana hiyo inawagharimu wateja fedha nyingi, maana wengine hufikia kununua simu mpya zisizohitajika.

Pingi ya kawaida hutuma pakiti (kifurushi cha data) moja ndogo kila sekunde, ilhali mazungumzo ya simu moja kwa kawaida hutuma pakiti 50 kwa sekunde kila upande. Kosa ninalolikuta zaidi ni kwamba kadi ya mtandao ya kichakataji kikuu, yaani kompyuta inayoendesha mtambo wa simu, imelazimishwa kuwa ya megabiti 100 kwa sekunde, itume na kupokea kwa wakati mmoja, huku poti ya swichi, kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao, ikiachwa ijipangie yenyewe kwa kujadiliana na upande wa pili. Swichi huitambua kasi, lakini kwa kuwa upande wa pili haujadiliani nayo, hufuata kanuni na kufanya kazi kwa kupeana zamu ya kutuma na kupokea. Kichakataji kinapotuma wakati swichi nayo inatuma, swichi huhesabu mgongano na kuikata katikati fremu yake, yaani bahasha inayobeba pakiti. Simu zikiwa chache hakuna anayelalamika. Zikiongezeka, maneno humezwa. Nawasihi mafundi wafungue hesabu za makosa: kwenye swichi wataona migongano ya kuchelewa (inayotokea fremu ikiwa imeshaanza kutumwa kwa muda), na kwenye kadi ya kichakataji makosa ya CRC (hesabu ya kuhakiki kama fremu imefika nzima). Ziacheni pande zote mbili zijipangie zenyewe, kwani hata gigabiti kwenye kebo ya shaba haifanyi kazi bila majadiliano hayo.

Si kweli pia kwamba kichakataji kinaweza kupewa anwani yoyote ya mtandao na ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. Umeme ukikatika na kurudi, anwani inaweza kubadilika, na simu zote za ndani zikakitafuta mahali ambapo hakipo. Kipeni anwani ya kudumu, iliyo nje ya zile zinazogawiwa na ruta.

Wengine huamini kwamba barakoa ya mtandao, yaani namba inayoonyesha anwani zipi zimo kwenye mtandao mmoja, haina uzito wowote. Ofisi ya Mtwara ikitumia 10.10.1.0 na tawi la Lindi 10.10.2.0, kichakataji kilichoandikiwa 255.255.0.0 kitadhani simu za Lindi zimo kwenye swichi yake, kisizipeleke pakiti kwenye geti wei (mlango wa kutokea kwenda mitandao mingine), na tawi zima litakaa kimya. Hapo andikeni 255.255.255.0, kisha hakikisheni geti wei iliyowekwa ni moja tu, hata kama kichakataji kina kadi mbili.