Kumsaka Mwizi Mezani: Tazama Kura, Acha Uso

Anayejifunza mchezo wa kumsaka mwizi kwa mara ya kwanza karibu kila mara huanza kwa kukodolea macho nyuso za wenzake. Huangalia nani anacheka ovyo, nani anameza mate, nani amekwepesha macho alipotajwa jina, kisha kwa ujasiri mkubwa humnyooshea kidole mtu ambaye kosa lake pekee ni kuwa na haya. Ninausimamia mchezo huu hapa Mbeya, hasa jioni za Juni na Julai ambapo baridi huwafungia watu ndani na masweta yao, na kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha takwimu, nimezoea kuutazama kwa jicho la hesabu. Ninachotaka kueleza ni kwamba ushahidi wa mchezo huu umo ndani ya kura, na kwamba mezani kwetu huku Nyanda za Juu Kusini ushahidi huo hupotea kwa sababu ambazo msimamizi anaweza kuzizuia.

Kwa asiyeujua, mchezo huenda hivi. Msimamizi hugawa kadi kwa siri. Wachache wanakuwa wezi nao wanajuana. Waliobaki ni wanakijiji, na hakuna kati yao anayemjua mwenzake. Usiku ukitangazwa wote hufumba macho, wezi peke yao hufumbua na kumchagua kwa ishara mtu mmoja wa kuondolewa. Kukicha, msimamizi hutaja aliyeondolewa, watu hujadiliana, kisha hupiga kura ya kumtoa mmoja wanayemshuku, na kadi yake hufunuliwa. Wanakijiji hushinda wezi wote wakitoka. Wezi hushinda idadi yao ikilingana na ya wanakijiji waliobaki, kwa maana hapo hawawezi tena kushindwa kwa kura.

Aliyeubuni ni Dimitry Davidoff, katika idara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Moscow, katikati ya miaka ya 1980, na aliuita Mafia. Wazo lake lilikuwa kuwapambanisha wachache wenye taarifa na wengi wasio nayo. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin aliwageuza wanamafia kuwa watu wanaobadilika mbwa mwitu usiku, na kwa sura hiyo mchezo ukaenea zaidi. Wanafunzi wangu wengi walikutana kwanza na binamu yake wa kwenye simu, Among Us, uliotolewa mwaka 2018 na kupata umaarufu mkubwa mwaka 2020, ndipo wakashangaa kwamba jambo lile lile linawezekana kwa kadi chache na bila bando.

Mimi hutumia wezi wa parachichi, kwa sababu Rungwe na Njombe hakuna asiyeelewa maana ya kuamka na kukuta miti ya shambani imevunwa na mtu mwingine. Wapo wanaopenda kuwaita wabaya wa mchezo wachawi. Siwaungi mkono hata kidogo. Tumeishi na habari za wazee waliofukuzwa vijijini, na wengine kuuawa, kwa tuhuma za aina hiyo, na nchi ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928. Kuwafundisha vijana kumnyooshea bibi kidole na kumwita mchawi, hata kwa utani, ni kuchezea jambo ambalo nje ya mlango si mchezo. Mwizi wa parachichi anatosha.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ndiyo inayoonyesha ni kwa nini mchezo unaweza kuharibika kabla hata kadi hazijagawiwa. Chukulia kwamba wezi ni 2, hakuna mwenye kazi maalumu, mchezo unaanza mchana, na kila anayetolewa kwa kura anatolewa kwa kubahatisha tu. Wachezaji wakiwa 7, wezi hushinda takriban mara 77 katika kila 100. Mtu wa kawaida angedhani kwamba ukiongeza mwanakijiji mmoja, kijiji kinapata nguvu. Kinyume chake: wachezaji wakiwa 8, wezi hushinda takriban mara 84. Ongeza mmoja tena, wafike 9, na wezi wanashuka hadi kama mara 70.

Sababu yake ni rahisi ukiifuata kwa kidole. Kila mzunguko kamili huondoa watu wawili, mmoja kwa kura na mmoja usiku. Wakiwa 7, kijiji kikikosea mara ya kwanza wanabaki 5, na kikikosea mara ya pili mchezo umekwisha. Wakiwa 8, kosa la kwanza linawaacha 6, la pili linawaacha 4 ambao nusu yao ni wezi, na mchezo umekwisha vile vile. Huyo mtu wa nane hakuongeza siku hata moja ya kufikiri. Amekuwa tu asiye na hatia mwingine wa kuangukiwa na kura. Mtu wa tisa ndiye anayeleta siku nzima zaidi. Ndiyo maana asubuhi yoyote ambayo walioamka ni idadi shufwa, na hakuna ushahidi wa maana, kijiji chenye akili hukataa kumtoa mtu: watu 8 wakiahirisha kura, usiku utawapunguza wawe 7, na nafasi ya wezi itarudi kwenye 77 badala ya 84. Msimamizi anayependa kuanza na usiku akumbuke kuhesabu walioamka, si waliokaa, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kualika idadi shufwa.

Lakini asilimia hizo ni za kubahatisha, na kijiji kizuri hakibahatishi. Swali ni kinatoa wapi maarifa ya kuizidi bahati. Usoni hakuna kikubwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi kuhusu uwezo wa watu kutambua uongo, wakakuta kwamba kwa wastani mtu hupatia kama mara 54 katika 100. Kurusha sarafu kungekupa 50. Pengo hilo dogo haliwezi kubeba mchezo, hasa mezani ambako asiye na hatia ana sababu nyingi za kutetemeka: anasemwa mbele za watu, huenda mbele ya mkubwa wake, na kama anatoka Makete au Umalila kuja kusoma mjini, huenda pia anawaza ni nani atakayemcheka matamshi yake.

Kura ni jambo jingine. Maneno hayana gharama. Mwizi anaweza kumsema vibaya mwizi mwenzake mchana kutwa. Kura, kwa upande mwingine, inahesabiwa, inaonekana, na haifutiki. Tuchukue meza moja ya watu 9. Mwisho wa siku ya kwanza wamebaki washukiwa wawili, mwenye sweta la kijani na dada mwenye kitenge. Kura zinapigwa kwa kuzunguka meza. Watu saba wamekwisha kupiga, na sweta la kijani lina kura 4, kitenge kina 3, moja ya hizo tatu ikiwa ya mwenye sweta mwenyewe. Wa nane, kijana mwenye kofia ya sufu, ambaye mchana kutwa hakumtaja dada wa kitenge hata mara moja, anampigia yeye, na sasa ni 4 kwa 4. Wa tisa anapigia sweta la kijani. Kadi inafunuliwa: mwizi.

Wengi hapo hushangilia na kusahau. Mimi huwashauri waandike kwanza. Waliompigia dada wa kitenge, ukimwondoa mwizi mwenyewe, ni watatu. Wawili kati yao walipiga mapema, wakati hakuna aliyekuwa hatarini, tena walikuwa wamekwisha kutoa hoja zao. Kofia ya sufu ilipiga wakati kura moja ingeweza kumwokoa mwizi, na ilipiga bila hoja. Mchezaji wa tisa, aliyemtoa mwizi ilhali angeweza kumnusuru, ni vigumu sana awe mwizi wa pili. Dada wa kitenge naye anapata nafuu, kwa kuwa wezi wawili wangekuwa na mashaka kushindanisha majina yao wenyewe hadi mwisho. Hakuna uthibitisho hapo, na mchezaji mzoefu anajua kwamba wezi hutoana kafara. Ila kafara ina wakati wake: mwizi humpigia kura mwenzake pale ambapo mwenzake amekwisha kuzama, ili asifiwe baadaye kwa bei rahisi. Kwa hiyo usiulize tu nani alimpigia mwizi kura. Uliza hesabu ilikuwa imesimama wapi alipopiga.

Hapo ndipo adabu yetu inapoingia. Nimeona mara nyingi meza ambayo mwalimu mkuu au mzee wa kanisa ameketi na vijana, na akishatamka jina, kura zote zinafuata jina hilo kama maji ya mfereji. Kijana aliyemwamkia mtu shikamoo nusu saa iliyopita hawezi ghafla kumwambia kuwa ni mwizi. Wezi wakishagundua hilo hawahitaji kudanganya; hujificha nyuma ya kauli ya mkubwa, na msimamizi hubaki na orodha ya kura zinazofanana ambayo haimfundishi mtu lolote. Wengine hulitatua kwa kura ya siri ya vikaratasi. Ni dawa inayoua mgonjwa: woga umeondoka, lakini ushahidi nao umeondoka, kwa sababu hakuna anayejua nani alimpigia nani.

Mimi hufanya hivi. Kila mtu huandika jina kwenye karatasi kwa wakati mmoja, akaweka na lake chini, kisha mimi huzisoma zote kwa sauti, jina la mpigaji na jina la aliyepigiwa. Mkubwa hapati nafasi ya kuongoza, wala mdogo hapati pa kujificha. Tunapoteza ule mpangilio wa nani alipiga wa kwanza na nani wa mwisho, na hiyo ni hasara ya kweli kama mfano wa kofia ya sufu ulivyoonyesha. Kwa hiyo meza ikishazoeana, tuseme baada ya michezo miwili mitatu, narudi kwenye kura ya kuzunguka, nikianza na wadogo kwa umri na kuwaacha wakubwa mwisho. Wala sikatazi heshima. “Samahani, mwalimu, mimi nakushuku wewe, kwa sababu jana ulimwokoa yule aliyekuja kuonekana ni mwizi,” ni sentensi yenye adabu zote na bado ina makali. Kinachoisaidia ni ule “kwa sababu”. Nikisikia shutuma isiyo na sababu, namwomba msemaji aikamilishe.

Kuhusu kazi maalumu, naanza na moja tu, mpelelezi, ambaye kila usiku humwonyesha msimamizi mtu mmoja na kuambiwa kama ni mwizi au la. Huyu mmoja anabadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2008 wanahisabati Mark Braverman, Omid Etesami na Elchanan Mossel walionyesha kwamba bila mpelelezi, pande mbili huwa na nafasi zinazokaribiana ikiwa wezi ni kiasi cha kipeuo cha pili cha idadi ya wachezaji, yaani kundi dogo sana katika umati mkubwa. Wakiwepo wapelelezi, wezi wanahitaji kuwa sehemu isiyobadilika ya umati, yaani umati ukiongezeka maradufu nao waongezeke maradufu, ili waweze kushindana. Kosa la kawaida la mpelelezi ni haraka. Akijitangaza asubuhi ya kwanza akiwa na jina la asiye na hatia, amempa kijiji habari moja na amewapa wezi mtu wa kuondoa usiku huo. Akisubiri mno, anaondolewa na siri zake, kwani aliyetoka haruhusiwi kusema. Kanuni ninayowapa ni kujitokeza siku atakayokuwa amempata mwizi, au siku atakapoona kwamba kosa moja zaidi la kura linamaliza mchezo, lolote litakalotangulia.

Na wezi watajibu kwa mmoja wao kujidai kuwa ndiye mpelelezi. Meza ikipata wapelelezi wawili, nyuso zitaanza kukodolewa tena, na nusu ya chumba itaapa kwamba mmoja “anaonekana mkweli”. Rudini kwenye karatasi. Mpelelezi wa kweli alikuwa na taarifa tangu usiku wa kwanza, na taarifa hiyo inapaswa kuonekana katika kura zake za siku zilizopita: kama anadai alijua tangu mwanzo kwamba dada wa kitenge hana hatia, kwa nini kura yake ya siku ya kwanza ilikuwa juu ya dada huyo huyo?